Kumi na Mbili Ndefu ya Murteza

Watu wa Lipovište walihesabu saa kama mtu mwenye akili zake anavyohesabu. Jua likizama nyuma ya mlima Golo Brdo ni saa kumi na mbili, giza likishika sawasawa ni saa moja. Hakuna aliyeona haja ya kuianza siku usiku wa manane, katikati ya usingizi, wakati hata mbwa hawajui wambwekee nani. Mambo hayo waliletewa baadaye na reli, pamoja na moshi. Wasomi wanasema ni reli hiyo iliyobadilisha saa za Bosnia nzima. Kwingine sijui. Lipovište waliozibadilisha ni Murteza na binti yake.

Murteza alikuwa mtunza saa ya mnara, kama baba yake na babu yake. Mji umekaa chini bondeni kama mashapo kwenye kikombe cha kahawa, na jua huwaacha watu wake mapema, lakini kule kileleni linabaki kitambo kizuri. Ni kutoka kidirisha cha magharibi cha mnara tu ambapo mtu angeliona likiondoka kweli. Kwa hiyo kila jioni Murteza alipanda ngazi za mbao, akavuta mawe yanayoiendesha saa, akasimama pale dirishani. Jua halitui wakati uleule kila siku, na chuma hakilijui hilo. Siku zilipofupika jua lilitangulia, naye aliusukuma mkono wa saa mbele, dakika kadhaa zikapotea zisikae popote. Siku zilipokuwa zikirefuka ilikuwa kinyume: saa ilifika kumi na mbili jua lingali mlimani, naye alilishika timazi, ile fimbo ya chuma yenye kisahani cha risasi inayobembea chini ya magurudumu, akaisimamisha saa yote na kungoja.

Baba yake alimwonya tangu ujanani. "Ukilishika timazi, tazama jua. Usitazame ngazi." Murteza alidhani mzee anahofu mwanawe atapata kizunguzungu.

Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kupita milango mifupi. Mkewe aliitwa Devleta, na Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Zumra, naye alikuwa mbishi kupita kiasi. Akisema hili ni jeusi, ni jeusi, hata ulilete dirishani. Tangu alipojua kutembea alimfuata baba yake mnarani, na alilijua jua la kilele kile kama wengine wanavyoujua mlango wa kwao.

Ramadhani moja iliangukia mwisho wa kiangazi, mwaka wa pili baada ya Waaustria kuingia. Zumra alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakati wa baridi mama yake alikuwa ameumwa mpaka watu wakaanza kunong'ona, na mtoto akaweka nadhiri kwamba mama akipona atafunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja. Mama akapona. Ramadhani ikaja na joto lake, na homa ikamkamata Zumra mwenyewe.

Imamu Edhem alikuja kitandani kwake. "Mgonjwa hana saumu, mwanangu. Kunywa maji. Mungu hakudai."

"Yeye hadai, efendija. Mimi ndiye niliyeahidi."

"Kichwa hiki umekirithi wapi wewe?"

"Kwa mama," akasema Zumra, akafumba mdomo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuufumbua.

Alasiri ile Devleta alimfuata mumewe mpaka mlangoni akiwa na kitambaa chenye maji mkononi. "Anakauka, Murteza. Ulimi umekuwa kama gome. Nikimtilia maji anauma meno. Na huko mnarani jua lako limefika wapi?"

Murteza alikimbilia mnarani. Alipanda ngazi akihema, akafika kidirishani, na kule kileleni akaliona jua limekaa, nene, halina haraka na mtu. Alilitukana. Mtu mpole kama yule, alilitukana jua matusi ambayo hata wachuna ngozi wa kule mtoni hawayatumii. Kisha akageuka, akaushika mkono wa saa na kuusukuma mpaka kumi na mbili.

Kengele ikapiga. Akatundika kandili nje ya dirisha. Kule ngomeni mpiga mzinga wa futari akaiona kandili akawasha, bonde likatikisika, na watu wa Lipovište, wazima kwa wagonjwa, waliokwisha kuushika mkate wa moto mkononi, wakasema bismillahi wakala. Murteza aliwaona kwa juu, nyua zote, watu wakitafuna na kushukuru. Usoni mwake mwenyewe jua lilikuwa bado linachoma.

Alishuka mbio. "Limetua, mwanangu. Umeusikia mzinga? Kunywa."

Zumra alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Kisha akafumbua mdomo, baba akamimina, naye akaufumba tena na kumshika kidole. Kabla ya Golo Brdo kuwa nyeusi, alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake wanawake walimwosha, Devleta akiwa pamoja nao, na wanaume wakamzika baada ya sala ya alasiri. Murteza alirudi mnarani jioni ileile. Hakumwambia mtu alichofanya. Angesemaje? Kwamba mji mzima umekula mchana wa Ramadhani kwa neno lake, na kwamba kila mtu anadaiwa siku asiyoijua? Akaanza kuwalipia kimyakimya. Jumatatu hii alifunga kwa ajili ya nyumba ya Bećir muuza kahawa, Alhamisi kwa ajili ya nyumba ya mwokaji, nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa. Alikonda. Watu wakasema Murteza amekuwa walii, wakaanza kumpisha njiani, na kila walipompisha alitamani ardhi immeze.

Majira ya baridi yalipita. Theluji ikayeyuka, siku zikaanza kurefuka, na jioni moja saa ikafika kumi na mbili jua likiwa bado kileleni. Murteza akanyoosha mkono akalishika timazi.

Mtu anayeishi na saa haisikii ikienda. Anaisikia ikinyamaza. Katika kimya kile alisikia nyayo zinapanda ngazi, nyayo za mtu asiye na viatu, taratibu, zikigusa kila ubao. Akageuka kutazama.

Zumra alikuwa amesimama ngazi ya tatu kutoka juu, amevaa suruali yake ya kijani ya nyumbani. Mashavu yalikuwa yamejaa na midomo imebanwa, vilevile alivyokuwa akifanya aliponuna. Hakumtazama baba yake. Alitazama kidirisha, alitazama jua. Baadaye ndipo akayaleta macho kwake, nayo yalikuwa yanauliza kitu.

"Zumra," akasema Murteza. "Mwanangu. Umenikasirikia?"

Hakujibu. Jua likazama, mkono wa Murteza ukaliachia timazi wenyewe kwa mazoea ya miaka, saa ikaanza kupiga, na ngazini hapakuwa na mtu. Palikuwa na doa la maji pale alipokuwa amesimama.

Murteza alikaa chini. Aliogopa, tena aliogopa sana, alifika nyumbani ameshika ukuta. Lakini kesho yake alipanda ngazi zile mbilimbili kama kijana, na kesho kutwa vivyo hivyo. Kila jioni mtoto alikuja. Kila jioni midomo ilikuwa imebanwa, na baba alijua moyoni kwamba amenuna, kwamba hamsemeshi kwa sababu ya uongo ule. Aliomba radhi kwa kila neno alilolijua. Mtoto alimtazama tu kwa yale macho yake, halafu jua likazama.

Sasa siku haziendelei kurefuka milele. Kiangazi kilipokomaa zikaanza kufupika, jua likawa linaitangulia saa, hakukuwa tena na dakika za kungoja. Jioni moja Zumra hakuja, na ya pili hakuja. Jioni ya tatu Murteza alitoa bisibisi, akaikaza skrubu ya timazi na kuipandisha risasi juu kidogo.

Timazi likifupishwa saa inakimbia. Saa ya Lipovište ikawa inakimbia mchana kutwa, inafika kumi na mbili mapema, na Murteza anaishika na kungoja jua. Alianza na kidogo. Baadaye akazoea, akaongeza, miaka ikapita akazidi kuongeza. Saa za mchana zikawa fupi kama suruali ya mtoto anayekua, na mwisho wake inakuja kumi na mbili moja ndefu isiyokwisha.

"Murteza-aga," Bećir muuza kahawa alimwambia siku moja, "saa zako zina njaa siku hizi? Maana zinakula siku zetu. Mwokaji anatoa mkate haujaumuka, watoto wanatoka chuoni hawajafika hata alifu, na mimi nikiweka birika motoni, kabla halijachemka adhuhuri imeshapita."

"Punguza maji kwenye birika."

"Nipunguze maji! Wewe ungekuwa muuza kahawa, mji huu ungekunywa masizi."

Watu wakacheka. Katika miaka ya mwanzo bado walicheka.

Kicheko kiliisha chenyewe. Hakuna aliyesema ni lini hasa. Walianza kugundua kwamba saa ikishasimama kwenye kumi na mbili, kitu kinakaa vibaya mjini. Moshi wa mabomba ya paa ulipanda ukasita. Kuku hawakuingia bandani, walisimama uani wamenyanyua mguu mmoja. Mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya barabara, sauti ilichelewa kufika. Wenye maduka wakawa wanafunga kabla ya wakati, si kwa uchovu, bali kila mmoja alitaka saa ile imkute nyumbani kwake, taa imewaka, mgongo umeelekea ukuta. Hawakuambizana kwa nini. Kina mama waliwaita watoto ndani kwa ukali usio na sababu. Mitaa ikawa mitupu, na mnara juu yake umenyamaza, na mikono yake miwili imeelekea mbinguni.

Kisha reli ikafika. Stesheni ikajengwa nje ya mji, na ukutani ikatundikwa saa nyeupe iliyohesabu kutoka usiku wa manane na haikuulizana na jua lolote. Mwanzoni watu waliicheka. Walikosa treni, wakawatukana Waaustria, wakarudi na vikapu vyao. Lakini Murteza aliona ajabu: jioni, wakati wa ile kumi na mbili ndefu, watu walikuwa wakitembea mpaka stesheni bila safari yoyote. Walikaa kwenye mabenchi chini ya ile saa nyeupe wakiisikiliza ikipiga taka taka taka, na nyuso zao zikalegea kama za watu waliotoka baridini.

Siku moja asubuhi Bećir alimkalisha kwenye kona ya mkahawa. Hakuwa na mzaha usoni.

"Ndugu yangu, nataka uyasikie kwangu, usiyasikie barabarani. Tumekwenda manispaa jana, wazee wa mtaa wote. Na Imamu Edhem alikuwepo. Tumeomba mnara ufuate saa ya reli."

Murteza alikiweka kikombe chini. "Mmeomba? Nyinyi wenyewe?"

"Sisi wenyewe. Hakuna Mwaustria aliyetulazimisha. Kesho asubuhi anakuja fundi, yule Bwana Hawelka wa stesheni, atalifunga timazi kwa kofuli na kuweka mikono ya saa zao. Sala tutaadhini kwa kutazama mbingu na kwa kalenda ya imamu."

"Baba yako alizaliwa kwa saa hii, Bećir. Umeoa kwa saa hii. Unataka siku yako ipimwe na watu wasiojua hata jua linatokea wapi?"

"Nataka mama yangu aondoke kwenye kona ya chumba changu."

Murteza akainua macho.

"Alikufa mwaka juzi, ulimzika pamoja nami," Bećir akasema kwa sauti ya chini. "Saa yako ikisimama, anakuja anakaa pale, kwenye zulia lake. Hanisemeshi. Anatafuna. Kipande kimoja cha mkate, Murteza, anakitafuna na hakimezi. Mimi ni mtu mzima nina wajukuu, na ninajifunika blanketi kichwani. Na si mimi peke yangu. Mchuna ngozi anamwona kakake mlangoni, shavu limevimba kwa tonge. Kwa mwokaji wapo watatu. Wote wanatafuna, wote hawamezi, wanatutazama kana kwamba tuna la kuwaambia. Kwako hawaji?"

"Kwangu hawaji," akasema Murteza, na huo ulikuwa uongo wake wa pili kwa mji ule.

Alirudi nyumbani. Devleta alikuwa anachambua maharage kizingitini. Alikuwa amezeeka vizuri, mwanamke yule, uso mdogo na macho makali. Murteza akakaa chini karibu naye, na yote aliyoyaficha miaka yote yakamtoka, kwa hasira kwanza, halafu kwa machozi. Akamwambia kwamba Zumra huja mnarani, na kwamba yeye ndiye aliyeikimbiza saa ili amwone. Kesho wanalifunga timazi na hatamwona tena, naye mtoto amenuna, hajamsemesha hata neno moja tangu jioni ya kwanza.

"Amenuna vipi?"

"Anabana midomo. Anajaza mashavu. Unaijua namna yake."

Devleta aliacha maharage.

"Nilipokuwa namwosha," akasema, "nilimgeuza ubavu, na maji yakamtoka mdomoni. Mengi. Yote uliyompa. Hakumeza, Murteza. Dirisha la chumba kile linatazama Golo Brdo, umesahau? Jua lenyewe halionekani pale, lakini alikuwa anauona mwanga wake bado uko kileleni. Aliyapokea ili usilie, akayaweka mdomoni kungoja litue. Basi kifo kikalitangulia."

"Ulijua? Kwamba nilisukuma saa?"

"Nilikuwa na macho kama yeye."

"Na hukusema?"

"Ningesema ili nipate nini? Nilikuona unafunga Jumatatu na Alhamisi mpaka mbavu zinahesabika. Nikasema, mwache, ana adhabu yake. Na mimi ninayo yangu, maana ni mimi niliyekukimbiza mlangoni siku ile." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Mtoto hajanuna, mwanamume wewe. Hawezi kusema kwa sababu ana maji mdomoni. Bado amefunga."

Murteza alielewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa akija kumuuliza jambo moja tu, kama jua limetua, tena kwa mtunza saa, mtu ambaye kazi yake ni kulijibu. Naye kila jioni, jua lilipotua tu, ndipo alipoliachia timazi na kumwondoa kabla hajamwambia. Akawakumbuka na wale wa Bećir na wa mwokaji, wanaotafuna bila kumeza. Wote walikuwa hai Ramadhani ile.

Jioni hiyo alipanda ngazi taratibu. Saa ilifika kumi na mbili mapema mno, mbali na jua. Akalishika timazi.

Mji ukanyamaza. Kutoka kidirishani aliona moshi umesimama, barabara ni tupu, na kule stesheni watu wamejazana kwenye mabenchi. Nyayo zikaja. Zumra akasimama palepale, ngazi ya tatu, mashavu yamejaa, maji yakimdondoka kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa bado na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa na ndevu nyeupe. Murteza aliogopa kama mara ya kwanza, akaomba jua lichelewe, kisha akaona haya kwa ombi hilo, maana ni tamaa hiyohiyo ya kuurefusha muda iliyoikimbiza saa na kuwafikisha hapo. Akalitazama likishuka. Likawa nusu, likawa ukucha, likaisha.

Mkono wake ukataka kuachia. Aliubana kwa mkono wa pili. Timazi likawa zito kama ng'ombe anayevuta kamba, magurudumu juu yake yakalia, mbao za mnara zikalia. Hakuachia.

"Limetua, Zumra," akasema. "Meza, mwanangu."

Mtoto hakumeza. Alimtazama, na Murteza akaona ndani ya macho yale kwamba haamini. Kwa nini aamini? Mdomo huuhuu ulikwisha kumwambia maneno hayohayo.

"Siku ile nilikudanganya," akasema. "Lilikuwa bado. Nilisukuma mkono wa saa, nikaulisha mji mzima mchana, wewe ukajua na hukunisema. Sasa usinisikilize mimi. Njoo utazame mwenyewe."

Akajisogeza, mkono umenyooka na timazi, ubavu umebanwa ukutani, akampisha kidirishani. Kwa mara ya kwanza Zumra alipanda ngazi zile tatu zilizobaki. Alipita mbele ya baba yake, na baridi yake ilikuwa ile ya maji ya kisima. Akaweka viganja juu ya jiwe la dirisha, akachungulia. Golo Brdo ilikuwa nyeusi yote. Akatazama kwa makini, kama alivyofundishwa, kaskazini ya kilele na kusini yake, asije akakosea.

Kisha koo likapanda na kushuka. Murteza aliisikia sauti ya kumeza, ndogo, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekuwa na kiu.

"Alhamdulillahi," akasema Zumra. Ilikuwa sauti yake, imekwaruza kidogo. "Baba, mkono wako unatetemeka. Achia."

Akaachia.

Murteza hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja msikitini, ambako sala ilikuwa imechelewa kwa sababu ya saa aliyoisimamisha na watu wamekasirika, na baada ya salamu alisimama safu ya mbele akawaambia. Hakujitetea. Aliwaambia siku na sababu. Aliwaambia kwamba waliokuwa hai jioni ile wanadaiwa saumu ya siku moja, na kwamba waliokufa tangu hapo wameondoka nayo vinywani.

Mchuna ngozi alisema neno ambalo halisemwi msikitini. Imamu Edhem aliinamisha kichwa, huenda alikumbuka kitanda cha mtoto. Hatimaye Bećir akainuka, goti likilia.

"Basi kesho tunafunga," akasema. "Na kesho kutwa mimi namfungia mama yangu. Lakini na ijulikane, kesho sifungui kwa neno la mtu huyu. Sifungui kwa mnara wala kwa stesheni. Nitakwenda kuliona jua mwenyewe."

Asubuhi Bwana Hawelka alikuja na mfuko wake wa vyuma, akalifunga timazi, akaweka mikono ya saa zake. Alikuwa mtu wa adabu. Aliuliza kwa nini mkahawa haufungui na kwa nini hakuna anayevuta sigara, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza.

Alasiri watu wa Lipovište walianza kupanda mlima. Wazee walipanda kwa fimbo, wengine walibebwa mgongoni. Kila mtu alichukua mkate wake na maji yake, wakaenda juu kupita makaburi, kupita miti ya mwisho, mpaka mahali ambapo hakuna kinachomzuia mtu na jua. Wakakaa nyasini mji mzima wameelekea upande mmoja. Chini kule bondeni mnara ulipiga saa ambayo hakuna aliyeihesabu.

Murteza alikaa mbali nao, chini kidogo, amewapa mgongo. Hakuna aliyemwambia akae hivyo, na hakuna aliyemwita aje. Hakulitazama jua. Alitazama majani mbele ya viatu vyake yakibadilika rangi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hajui ni saa ngapi.

Akasikia watu wote nyuma yake wakivuta pumzi kwa pamoja. Kisha Devleta akaja, akajikalisha kando yake kwa kishindo, na kumtia kipande cha mkate mkononi.

"Kula, mume wangu. Limetua."

Akala, wala hakugeuka kutazama.